Gofu ya Mwadui na Uwanja Wetu



Ukurasa huu wa historia tumezoea kuujaza habari za wachimbaji, barabara na shule. Mwaka huu tumechagua gofu, na tunajua baadhi yenu mtacheka. Mchezo wa mashimo walioujua wazee wetu ni isolo, na hauhitaji hata robo ekari. Lakini harambee ya mwaka huu ni ya uwanja wa michezo, na kabla ya kununua hata wavu wa goli tumeona tujikumbushe habari za jirani zetu wa Mwadui.

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Katika miaka iliyofuata mji mzima ukaota ndani ya uzio: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, na klabu yenye kiwanja cha gofu. Haikuwa ajabu. Mwajiri aliyetaka wataalamu wake wakae porini bila kununa aliwajengea klabu. Kwenye chai kule Mufindi ilikuwa hivyo, na kwenye miwa ya TPC Moshi vilevile.

Viwanja vya namna hii ni nusu binafsi. Mwenye mali ni mmoja, wanachama wana haki zao, na mgeni hucheza akilipa ada ya siku. Mwadui, kabla ya ada kulikuwa na geti. Mji wa almasi hauingiliki kama soko la Kahama: unaingia kwa kibali, unatoka kwa kukaguliwa. Maganzo, mji ulioota nje ya uzio kama Kakola yetu, ulikuwa karibu na nyasi zile na mbali nazo kwa wakati mmoja. Katika viwanja vingi vya gofu nchini, mlango wa kwanza wa kijana wa kawaida ulikuwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Wapo waliotokea hapo wakawa wachezaji hodari, nasi tunawapa heshima yao.

Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa wa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Mwaka 1971 ukataifishwa. Mwaka 1994 De Beers ikarudi na asilimia 75, na mwaka 2009 hisa hizo zikaenda kwa Petra. Kila mara nyasi zilihamia kwa mmiliki mpya pamoja na mitambo na samani. Na nyasi za gofu katika ukame wa Shinyanga zinataka maji na mashine ya kufyekea. Mgodi ukikosa fedha, hivyo ndivyo vitu vya kwanza kusubiri.

Sisi Wasukuma tulikuwa na nyasi zetu za nusu binafsi: ngitili. Ilifungwa mvua zinapoanza, ikafunguliwa kiangazi malisho yanapoadimika. Ilikuwa ya familia au ya kijiji, lakini kila jirani alijua inafungwa lini na inafunguliwa lini, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alilipa faini. Kanuni ilikuwa mikononi mwa watu wa hapohapo. Kwenye gofu ya mgodi, kanuni iko kwa mwenye geti. Si lazima awe mbaya: Lugalo, Dar es Salaam, kiwanja ni cha jeshi na raia wanacheza. Ila wanacheza kwa sababu mwenye kiwanja amekubali.

Turudi kwetu. Tunakumbuka Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu. Tunakumbuka 2001, mgodi mkubwa ulipoanza kuzalisha, na tunakumbuka mwisho wa 2017, uchimbaji wa chini ulipositishwa na wengi wakapunguzwa kazini. Watoto waliozaliwa 1996 sasa ni wazazi, na watoto wao wanacheza mpira kwenye vipande vya ardhi ambavyo hakuna anayejua ni vya nani, mpaka siku mtu anapomwaga tripu ya mchanga na kuanza msingi.

Ndiyo maana fedha za mwaka huu hazitaanza na magoli wala jukwaa. Zitaanza na kupima eneo, kuliingiza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na kupata uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji ulioandikwa na kupigwa muhuri. Tuseme ukweli: karatasi hiyo haizuii leseni ya madini, kwa kuwa madini yaliyo chini ni ya Taifa. Lakini siku hiyo ikifika, kijiji kitakaa mezani kudai fidia kikiwa na ushahidi mkononi.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha taslimu anaweza kuahidi mifuko ya saruji ya mawe ya mipaka.