Nanga Juu ya Kaburi: Tulivyomtafuta Babu Aliyetufundisha Kuimba



Kamati ya Yubile ilipotuomba tuandike asili ya kwaya yetu, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Mama aliyeianzisha tunamkumbuka sote. Wengi wetu alitufundisha solfa huku akipiga mapigo kwa penseli juu ya meza. Lakini kila alipoulizwa yeye alijifunzia wapi, alijibu kwa ufupi: "Kwa babu." Basi tukaamua kumtafuta babu huyo. Mikononi tulikuwa na mambo matatu tu: kaburi lake, Biblia ya familia, na kitabu cha ubatizo cha kanisa.

Tulianzia kaburini. Jiwe lake ni la matumbawe, limeliwa na chumvi ya bahari, na maandishi ni machache: jina la ubatizo na mwaka aliofariki. Hakuna jina la baba wala mwaka wa kuzaliwa. Badala ya maneno kuna alama. Juu imechongwa nanga. Katikati kuna herufi IHS. Chini kuna msalaba uliosimama juu ya vidato vitatu.

Kwa miaka mingi familia iliamini kwamba babu alikuwa baharia, kwa sababu ya ile nanga. Wajukuu walisimuliwa hivyo, nao wakawasimulia wana wao. Herufi IHS wengine wetu tulidhani ni za majina yake. Kasisi wetu ndiye aliyetufungua macho. IHS ni herufi tatu za kwanza za jina la Yesu katika Kigiriki. Vidato vitatu ni imani, tumaini na upendo, kama tunavyosoma katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 13. Nayo nanga ni alama ya Wakristo tangu zama za kale, walipoichora katika makaburi ya chini ya ardhi kule Roma. Waebrania sura ya 6 inalifananisha tumaini na nanga. Kumbe jiwe lilikuwa linatuambia aliamini nini, sisi tukalisoma kana kwamba linataja kazi yake.

Kitabu cha ubatizo kilithibitisha jambo hilo. Katika ukurasa wa miaka ya 1880, penye kazi, pameandikwa mwashi. Penye makao, Frere Town. Penye jina la baba, mstari mtupu. Pembeni, kwa herufi ndogo, pana neno moja: Mnyasa.

Hapo tulinyamaza kidogo, maana wenyeji wa Mombasa wanajua mstari mtupu wa namna hiyo una maana gani.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Lakini majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri, na manowari za Waingereza ziliyakamata baharini. Waliookolewa, wengi wao watoto, hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji kwa ajili yao upande wa bara, Kisauni, kikaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar kuutafuta mkataba ule. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, mahali tunapopita kila siku kwa matatu bila kuwaza. Walimu na mafundi wa kwanza wa Frere Town wengi walikuwa Waafrika waliokombolewa utotoni na kulelewa India, karibu na Nasik. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walitiwa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885.

Neno Mnyasa nalo halikutupa kabila lake. Waliotoka pande zote za Ziwa Nyasa waliitwa hivyo na watu wa pwani, wawe Wayao au wengineo. Na jina lililochongwa kwenye jiwe alilipata siku ya ubatizo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Matthew Wellington, mmoja wa waliochukua mwili wa Livingstone hadi pwani, alizaliwa akiitwa Chengwimbe. Jacob Wainwright, aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, aliliandikia kaburi la mgeni ukumbusho, lakini ulimwengu unamjua kwa jina alilopewa na wageni.

Tuliporudi kwa familia na habari hizi, kikao hakikuwa chepesi. Mzee mmoja alisema wazi kwamba hataki neno "mtumwa" lichapishwe mbele ya washirika wote. Utotoni alikwisha kuchekwa shuleni kwamba kwao hakujulikani. Hatukumbishia. Ndipo dada yake mkubwa, anayeimba alto nasi hadi leo, alipofungua Biblia ya familia. Ndani ya jalada palikuwa na karatasi iliyokunjwa, imejaa herufi za solfa, d, r, m, kwa mwandiko wa babu. Juu yake, kwa wino uliofifia, babu ameandika majina mawili kando kando: la ubatizo, na jingine ambalo hakuna aliyewahi kulisikia nyumbani.

"Yeye mwenyewe hakulificha," dada yule akasema. "Sisi ndio tuliolificha."

Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Andikeni."

Ndiyo maana tumeandika. Hatujui mama yake babu alikuwa nani, wala alichukuliwa kijiji gani. Tunajua kwamba alifika pwani mtoto asiye na jamaa, akajifunza kujenga kwa mawe na kuimba kwa noti, akamfundisha mjukuu, naye mjukuu akatufundisha sisi. Wanaoimba besi wakishika noti ya chini Jumapili hii, wajue ilitoka wapi.

Jina lile la pili hatukulichapa humu. Familia imeomba litamkwe kwanza mahali panapostahili. Baada ya ibada ya Yubile, tutakwenda sote kaburini kwa miguu, na mzee yule aliyekataa mwanzoni ndiye atakayelisoma kwa sauti. Kisha tutaimba wimbo ulioandikwa katika karatasi ile. Wanakwaya, njooni na sare zenu. Washirika, karibuni nyote.