Wakili Si Mteja Wake: Historia ya Tarehe 24 Januari



Katika kalenda ya Kanisa, tarehe 24 Januari tunamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu na mwalimu wa Kanisa. Wengi wanamjua kama msimamizi wa waandishi. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya kuwa padri alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Padua, nchini Italia, akapata udaktari, na kwamba baba yake alitumaini kumwona akiwa mtu wa mahakama. Tarehe hiyohiyo, katika miji mingi ya dunia, mawakili huvaa majoho yao meusi na kusimama mbele ya mahakama ili kuwakumbuka wenzao walio hatarini. Siku hizo mbili zimekutana bila mtu kuzipanga, lakini zinafaa kutafakariwa pamoja.

Mwaka jana, katika kikao cha vijana, kijana mmoja aliniuliza: «Mwalimu, mkristo anaweza kuwa avoka wa mwizi?» Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyejibu. Nami nilijibu kwa haraka, na jibu la haraka halikai moyoni. Leo napenda kumjibu tena, safari hii kwa njia ya historia.

Usiku mmoja mjini Madrid

Jenerali Francisco Franco aliitawala Hispania tangu mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1939, hadi alipofariki tarehe 20 Novemba 1975. Katika miaka hiyo yote vyama huru vya wafanyakazi vilikatazwa. Kilichoruhusiwa ni chama cha serikali tu, ambamo mwajiri na mwajiriwa waliwekwa pamoja, kana kwamba paka na panya wanaweza kugawana sahani moja kwa amani. Hata hivyo sheria iliacha mlango mmoja wazi: mfanyakazi aliyefukuzwa kazi au kunyimwa haki yake aliweza kumshitaki mwajiri mbele ya mahakama ya kazi. Mawakili vijana wakaupitia mlango huo. Walifungua ofisi za pamoja, wakawapokea wajenzi, madereva na watu wa viwandani kwa gharama ndogo, wakawasaidia pia wakazi wa mitaa ya pembeni waliodai shule na barabara.

Wengi wa mawakili hao walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti, ambacho kilikuwa bado kimekatazwa. Najua kwamba neno hilo litamfanya msomaji fulani asite. Basi na akumbuke kwamba katika mapambano hayohayo walikuwamo wakristo wa vyama vya wafanyakazi vya Kikatoliki, wakiwemo vijana wa JOC, jina ambalo si geni hapa Kongo, na kwamba parokia kadhaa za mitaa ya wafanyakazi ziliwafungulia milango watu waliokosa mahali pa kukutania.

Mwezi Januari 1977, zaidi ya mwaka mmoja tangu Franco afariki, Hispania ilikuwa njia panda. Wapo waliotaka uhuru, na wapo waliotaka kurudi nyuma. Wafanyakazi wa usafiri wa Madrid waligoma, wakiongozwa na Joaquín Navarro. Usiku wa tarehe 24, yapata saa nne na nusu, watu wenye silaha, wafuasi wa siasa kali ya utawala uliopita, walipanda hadi ofisi ya mawakili katika nyumba namba 55 ya barabara ya Atocha. Walikuwa wakimtafuta Navarro, lakini yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Waliwakuta watu tisa, wakawaamuru wainue mikono, kisha wakawapiga risasi.

Watano walikufa: mawakili Enrique Valdelvira, Luis Javier Benavides na Francisco Javier Sauquillo, Serafín Holgado, mwanafunzi wa sheria, na Ángel Rodríguez Leal, mfanyakazi wa ofisi. Wanne walijeruhiwa vibaya, lakini wakapona. Mmoja wao, Alejandro Ruiz-Huerta, alisalimika kwa sababu kalamu iliyokuwa mfukoni, kifuani pake, iliigeuza njia risasi. Mwingine, Dolores González, wakili na mke wa Sauquillo, alipona majeraha yake, lakini usiku ule ulimwacha mjane.

Tutazame jambo hili kwa makini. Wauaji walikuja kumtafuta mteja; walipomkosa, wakawaua mawakili. Kwao wakili na mteja walikuwa kitu kimoja. Huo ndio mzizi wa habari yote ninayotaka kuwaeleza.

Kimya kilichosema

Wengi waliogopa kwamba mazishi yangewasha moto wa vita vipya. Baraza la Mawakili wa Madrid lilitaka marehemu waagwe katika nyumba yao wenyewe, ndani ya Jumba la Haki. Jumba hilo, hapo zamani, lilikuwa monasteri ya watawa wa shirika ambalo Fransisko wa Sales alilianzisha pamoja na Yoana wa Chantal, na hadi leo watu wa Madrid hupaita mahali hapo Las Salesas, kwa jina lake. Hivyo mawakili waliouawa siku ya kumbukumbu yake waliagwa chini ya paa lililojengwa kwa ajili ya mabinti zake wa kiroho.

Tarehe 26 Januari watu zaidi ya laki moja walijaa barabarani. Walisimama kimya. Kimya hicho kiliwashangaza hata wale waliokuwa wakiwaogopa. Siku 75 tu baada ya mauaji, tarehe 9 Aprili, iliyokuwa Jumamosi Kuu, serikali ya Adolfo Suárez iliruhusu rasmi Chama cha Kikomunisti. Mwezi huohuo vyama huru vya wafanyakazi vikapata haki yao kisheria, na tarehe 15 Juni wananchi wakapiga kura huru kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1936. Ni makosa kusema kwamba damu ya watu watano ndiyo pekee iliyoleta hayo. Lakini wanahistoria wengi wanakubali kwamba kimya kile kilifungua njia ambayo kisasi kingeifunga.

Haki kwa wahusika ilikuja nusunusu. Mtuhumiwa mmoja alipewa ruhusa ya kutoka gerezani wakati wa Juma Kuu la mwaka 1979, kabla ya kesi, na hakuonekana tena. Mwaka 1980 wauaji wawili walihukumiwa kifungo cha jumla ya miaka 193 kila mmoja. Mmoja wao, alipopata baadaye uhuru wa masharti, alikimbilia nchi za nje, akakamatwa Brazili mwaka 2018 na kurudishwa Hispania mwaka 2020.

Katika kesi ile kuna jambo moja tusilipite haraka. Wauaji wa mawakili nao walikuwa na mawakili wa kuwatetea. Na hivyo ndivyo inavyopasa. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaita watetezi hao wauaji. Kama watu wa Madrid wangewapiga mawe, wangekuwa wametenda kosa lilelile la wale waliopanda ngazi za Atocha.

Kutoka Madrid hadi kwetu

Mwezi Septemba 1990, huko Havana, mji mkuu wa Kuba, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni za msingi kuhusu kazi ya wakili. Kanuni ya 18 inakataza wakili kuhesabiwa kuwa sawa na mteja wake, au na shauri la mteja wake, kwa sababu tu ameifanya kazi yake. Kanuni nyingine zinazitaka serikali zimlinde wakili asitishwe wala kuzuiwa. Tangu mwaka 2010 tarehe 24 Januari imekuwa Siku ya Wakili Aliye Hatarini, na kila mwaka nchi moja hutazamwa kwa namna ya pekee. Mwaka wa kwanza ilikuwa Irani. Baadaye zikafuata, miongoni mwa nyingine, Ufilipino, Uchina, Afganistani na Belarusi.

Orodha hiyo haikosi sababu. Nchini Uchina, kuanzia tarehe 9 Julai 2015, mawakili na wasaidizi wao zaidi ya 300 walikamatwa au kuhojiwa. Mjini Quetta, Pakistani, tarehe 8 Agosti 2016, mawakili zaidi ya 50 waliuawa kwa bomu hospitalini, walikokwenda kumlilia mwenzao aliyekuwa ameuawa asubuhi ileile. Tusidhani kwamba nchi tajiri zimeokoka. Mwaka 2025 rais wa Marekani alitoa amri dhidi ya ofisi kubwa za mawakili, akitaja watu na kesi walizozishughulikia. Ofisi nne zilikwenda mahakamani, na majaji wakasema amri zile zinavunja katiba. Lakini ofisi nyingine ziliona heri kupatana na serikali kuliko kushindana nayo.

Jirani zetu wa Kenya nao wamelia. Josephat Mwenda, dereva wa pikipiki ya abiria, alipigwa risasi na polisi mwaka 2015, akathubutu kulalamika. Wakili wake, Willie Kimani, alikuwa naye mahakamani Mavoko tarehe 23 Juni 2016. Walipotoka, hawakufika nyumbani. Wala Joseph Muiruri, dereva wa teksi aliyewachukua, hakufika. Siku chache baadaye miili yao mitatu ilipatikana mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari polisi watatu na raia mmoja. Mjini Madrid mteja aliponea. Hapa mteja, wakili na dereva walikwenda pamoja.

Kwa sababu hizo nchi za Baraza la Ulaya ziliandika mkataba wa kwanza wa kimataifa unaolinda kazi ya wakili, ukafunguliwa kutiwa sahihi mwezi Mei 2025. Mkataba ni karatasi. Lakini karatasi ndiyo silaha pekee ya mtu asiye na bunduki, mradi wapo watu wa kuisoma kwa sauti mbele ya hakimu.

Sisi Wakongomani tunayo karatasi yetu. Kifungu cha 19 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila mtu haki ya kujitetea au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua mwenyewe, tangu anapohojiwa na polisi. Na sheria ya mwaka 1979 inayopanga kazi ya mawakili inataka wasio na uwezo wapate msaada wa wakili bila malipo. Ni vijana wangapi kati yetu wanaolijua hilo? Anapokamatwa ndugu yetu, mara nyingi tunakimbilia kukusanya pesa za kumtoa, wala hatukumbuki kuuliza kama amemwona mtetezi.

Nisiwafiche upande wa pili. Jirani yangu mmoja alipoteza kiwanja cha marehemu baba yake kwa sababu wakili aliyemlipa alikuwa anakula pia mkononi mwa mshitakiwa. Tangu hapo, akisikia neno avoka, hutema mate. Simlaumu. Wakili anayemuuza mteja wake huiharibu kazi hii kutoka ndani, kama vile bunduki inavyoiharibu kutoka nje. Lakini dawa ya mtetezi mbaya ni mtetezi mwema, si kukosa mtetezi.

Basi, kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili. Ndiyo, mkristo anaweza kumtetea mwizi. Hautetei wizi. Anahakikisha kwamba aliyeshitakiwa ndiye aliyeiba kweli, kwamba hakupigwa ili akiri, na kwamba adhabu haizidi kosa. Hatakiwi kusema uongo kwa ajili yake. Na siku utakapokamatwa wewe kwa kosa la mwingine, kwa sababu tu ulipita barabara ile saa ile, utafurahi kwamba yupo mtu anayeweza kusimama karibu nawe bila kuitwa mwizi.

Maswali kwa vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayehukumiwa kwa sababu tu amemsemea mtu asiyependwa?

2. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili familia zijue haki ya kifungu cha 19 kabla ya shida kufika?

3. Kati yetu wapo wanaotamani kusoma sheria. Tunawatia moyo kwa sababu gani: kwa ajili ya pesa, au kwa ajili ya wale wasio na msemaji?