Tarehe zikikosewa kwenye Excel: mwongozo kwa waweka hazina wa vyama

Faili la chama kimoja cha wafanyabiashara wa Karatina, Kaunti ya Nyeri, lilinifikia Mombasa pamoja na malalamiko. Mwanachama aliyelipa tarehe 4 Machi 2024, ilhali siku ya mwisho ilikuwa 10 Machi, alitozwa faini ya kuchelewa siku 24. Risiti yake ilikuwa sahihi. Kompyuta ndiyo iliyokosea, na kosa hili laweza kutokea Nanyuki, Embu au hapa kwetu Pwani.

Chanzo

Kwenye Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets, tarehe ni nambari inayohesabu siku. 4 Machi 2024 ni 45355. Kenya twaandika siku kwanza. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza, kwa hivyo 04/03/2024 huwa 3 Aprili. Nayo 25/03/2024 hubaki maandishi tu, maana hakuna mwezi wa 25.

Tarehe iliyosomwa sawasawa haiharibiki faili likihamishiwa kompyuta nyingine. Hatari iko wakati wa kuichapa au kuleta orodha ya CSV. Excel hufuata mpangilio wa kompyuta. Google Sheets hufuata nchi iliyochaguliwa ndani ya faili lenyewe.

Kupima

Andika =ISNUMBER(A2). Jibu likiwa FALSE, hayo ni maandishi. Likiwa TRUE, bado linganisha na risiti, kwani huenda siku na mwezi zimebadilishana.

Kurekebisha

Weka nakala ya faili kwanza. Ikiwa safu nzima ilisomwa Kimarekani, na siku na mwezi ziliandikwa kwa tarakimu mbili mbili, tumia safu mpya:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Fomula ikikataa, jaribu nukta-mkato mahali pa mkato. Baadhi ya mipangilio hutaka hivyo.

Matoleo tofauti

- #NAME? kwenye DAYS: amri hii iliingia Excel 2013. Kwenye Excel 2007 au 2010 toa tu: =B2-A2.
- Tarehe imeruka miaka 4 na siku 1: faili moja lahesabu kuanzia 1904, desturi ya Excel za zamani za Macintosh. Tofauti ni siku 1,462. Ongeza au toa.
- Mzee aliyezaliwa 1928 aonekana wa 2028: kwa kawaida Excel husoma 00 hadi 29 kuwa miaka ya 2000. Andika mwaka kwa tarakimu nne.

Kinga bora ni kuandika 2024-03-04, mwaka kwanza. Programu zote tatu huielewa. Na kabla ya kumtoza mtu faini, fungua kitabu cha risiti. Pesa za chama ni amana, na jasho la mtu halipotezwi kwa sababu ya mpangilio wa kompyuta.