Uasi, Vita au Ukombozi: Mzozo wa Majina ya Maji Maji

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Kwa Wamatumbi hilo lilikuwa tangazo la vita, vile vilivyokuja kuitwa Maji Maji. Serikali ya Wajerumani iliona ukaidi. Gavana Gustav Adolf von Götzen alipotoa kitabu chake mwaka 1909, neno alilolipandisha jaladani ni uasi, na wengi waliomfuata wakalirithi bila kulihoji.

Lakini mwasi ni mtu aliyekubali kutawaliwa kisha akageuka. Boma la Songea lilisimamishwa mwaka 1897, kwa hiyo Wangoni, ambao wao wenyewe walikuwa watawala wa watu wengine, walikuwa wamekaa chini yake miaka minane tu. Huko Umatumbi, utawala uliojulikana zaidi kijijini ulikuwa akida, kodi na lile shamba la pamba la jumbe lililolimwa kwa shuruti na kwa ujira duni. Kukubali kulitokea lini?

Neno "ushirikina", ambalo nalo hutumiwa kuvieleza vita hivi, lina dhambi yake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Ukieleza yote kwa ile dawa, pamba na kodi hutoweka katika habari. Jambo jingine: wasomaji wengi humjua Kinjikitile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, kisha hutaja maneno ya jukwaani kama ushahidi. Hata herufi za jina lenyewe katika tamthilia ni tofauti, na tungepaswa kulisoma hilo kama onyo.

Baada ya uhuru, mizani ililalia upande wa pili. Nyerere alikwisha kuitumia historia hii mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert Gwassa na John Iliffe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliongoza kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee vijijini. Kazi hiyo ni hazina, maana bila hiyo tungebaki na mafaili ya boma. Ila taifa changa lilitaka babu mmoja, na Maji Maji ikapewa kazi hiyo: makabila mengi, dawa moja, adui mmoja. Watafiti wa baadaye, kama Jamie Monson na Thaddeus Sunseri, wameonyesha kwamba chini ya jina hilo moja kulikuwa na ugomvi mwingi wa kienyeji, wa ardhi, wa uchifu, hata wa wanaume na wanawake majumbani.

Hapo ndipo neno "ukombozi" linaponikwama kooni. Mahenge iliposhambuliwa mwishoni mwa Agosti 1905, waliosimama upande wa boma hawakuwa Wazungu watupu. Askari walikuwa Waafrika, na Kiwanga, mtawala wa bonde la Ulanga, alikuwa pamoja nao. Wahehe wengi, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, mtawala wao aliyepigana na Wajerumani, walisaidia Wajerumani. Kuwaita wote wasaliti ni kudai kwamba mwaka 1905 lilikuwapo taifa ambalo wangeweza kulisaliti.

Hata hesabu ya wafu ina upande. Wajerumani walitaja 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti inatokana kwa sehemu kubwa na njaa: majeshi yalichoma vijiji na mashamba, na watu wakaendelea kufa baada ya bunduki kunyamaza. Anayehesabu mapigano peke yake hupata idadi ndogo.

Songea hawana shida na jina. Waliozikwa baada ya kunyongwa Februari 1906 huitwa mashujaa, makumbusho ni ya Majimaji, na timu ya mpira pia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa. Gavana wa 1905 asingemwomba mwasi radhi.

Mimi naandika "Vita vya Maji Maji". "Uasi" naliacha ndani ya ripoti za boma, pamoja na jina la aliyeziandika. Nikifika Mahenge nataja nani alipigana na nani, na Kiwanga namwita Kiwanga.