Futura: herufi nene zilizotoka Ujerumani mpaka mwezini

Futura ni aina ya herufi za kuchapia iliyochorwa na Mjerumani Paul Renner. Kiwanda cha herufi cha Bauer, mjini Frankfurt, kilianza kuiuza mwaka wa 1927. Hata asiyejua jina hilo pengine ameshaziona kwenye matangazo ya Nike: nene, wazi, bila mapambo yoyote.

Namna zilivyochorwa

Wakati ule vitabu vingi vya Ujerumani vilichapwa kwa Fraktur, herufi za kale zenye kona nyingi na vimkia. Renner alitaka kitu kinachosomeka na watu wote, si Wajerumani peke yao. Akachukua mviringo, pembetatu na mstari ulionyooka. O ya Futura inafanana na duara la kompasi, na V ni mistari miwili tu inayokutana.

Lakini jicho linadanganya. Mstari wa kulala ukiwa na upana sawa na wa kusimama, ule wa kulala unaonekana mnene zaidi. Kwa hiyo unapunguzwa kidogo. Katika herufi nene, pale mkono wa n unapoungana na mguu wake, mstari unapunguzwa pia, la sivyo panatokea doa jeusi. Ndiyo sababu mtu akichukua herufi nyembamba na kuinenepesha tu na kompyuta, haitoke muzuri.

Taabu ya mwaka wa 1933

Wanazi walisifu herufi za kale kama alama ya taifa. Renner, aliyekuwa mkuu wa shule ya wachapaji mjini München, aliandika kitabu kidogo mwaka wa 1932 kuwapinga. Mwaka uliofuata, walipochukua utawala, walimkamata. Aliachiliwa, lakini kazi ya shule ilikwisha.

Sasa angalia namna mambo yaligeuka: Januari 1941 serikali ileile ilikataza herufi za kale, ikidai eti ni za Wayahudi. Futura yenyewe iliendelea kuuzwa miaka yote hiyo.

Zilikofika

Mwaka wa 1969, Wamarekani wa Apollo 11 waliacha mwezini bamba la chuma lenye maandishi ya Futura, herufi kubwa tupu. Volkswagen iliitumia katika matangazo yake Marekani. IKEA nayo ilikuwa na Futura yake mpaka mwaka wa 2009.

Kwa mwenye kutaka kibao

Herufi nene za namna hii zinafaa jina la duka, bango, au kichwa cha tangazo: maneno machache, yaonekane toka mbali. Kwa barua au maelezo marefu, hapana. O, c na e zinafanana mno, na macho yanachoka haraka.

Jihadhari pia na I kubwa na l ndogo: zote ni fimbo moja tu. Jina lenye herufi hizo lijaribiwe kwanza kwenye karatasi, kisha liangaliwe toka ngambo ya barabara.

Futura inauzwa. Asiye na pesa anaweza kutumia Jost, herufi zilizochorwa kwa kufuata mfano huo. Ni za bure, hata kwa kazi ya biashara.