Pakiti ya Unga ya Setilaiti

Wasee, mmewahi kushuku mizani ya mbucheri? Mama mmoja hapa Kayole alinifunza dawa yake: beba pakiti ya unga ya kilo mbili, iweke kwa ile mizani. Ikisoma kilo mbili na robo, jua umekuwa ukiibiwa.

Setilaiti nazo ni hivyo hivyo. Kuna zile zinapima ardhi kwa mawimbi ya maikrowevu, ambayo hupenya mawingu. Aprili 2024, Mto Mathare ulipovunja kingo, kamera ya kawaida huko juu ingeona mawingu tu. Maikrowevu huona maji. Lakini kifaa kikishapaa kinazeeka, na hakuna fundi wa kupanda kukirekebisha. Utajuaje bado kinasema ukweli?

Unatafuta pakiti ya unga. Moja iko Antaktika, mahali panaitwa Dome C: mita zaidi ya 3,200 juu ya bahari, barafu ya unene wa kilomita tatu na ushee. Huko ndani ya barafu, joto halibadiliki, iwe Januari au Julai. Setilaiti ikipita, inafaa isome karibu namba ileile. Ikianza kusoma tofauti, shida ni ya kifaa, si ya barafu. Ndiyo maana Waitaliano walipeleka kipimo huko mwaka 2004, kazi ikaitwa DOMEX, kabla ya Ulaya kurusha SMOS mwaka 2009, setilaiti ya kupima unyevu wa udongo.

Na Waitaliano si wageni kwetu. Mwaka 1967 walirusha setilaiti yao, San Marco 2, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa hapo ya Wamarekani, ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru, sababu ilikuwa sikukuu yetu.

Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Taifa-1, yetu wenyewe, ilipaa 2023 kutoka California, ikiwa na kamera. Mawingu huzuia kamera.

Baada ya yale mafuriko, nyumba za kando ya mto zilibomolewa. Siku ingine watu wakija mtaani na ramani ya mafuriko, tuwaulize: hii mizani ilipimwa wapi, na nani? Hiyo si kukataa sayansi. Yule mama hakuacha kula nyama. Alibeba tu unga wake.