Zimwi Lipi? Mpiga Kura wa Mageuzi na Vyama Viwili vya Marekani

Mwaka 1844 watu 15,812 wa jimbo la New York walimpigia James Birney kura ya urais, na sidhani kama alikuwepo hata mmoja kati yao aliyeamini kwamba angeshinda. Birney aliwahi kumiliki watumwa huko Kusini, akawaacha huru, na sasa aligombea kwa tiketi ya Liberty, chama kidogo kilichoundwa kupinga utumwa. Henry Clay wa chama cha Whig akaikosa New York kwa kura 5,100 hivi. Jimbo likaenda kwa James Polk wa Democratic, na urais ukaenda nalo. Polk alikuwa na kiu ya Texas. Ikaingia katika muungano mwaka 1845 pamoja na watumwa wake, na mwaka uliofuata Marekani ikawa vitani na Mexico.

Watu wa Whig hawakuwasamehe wafuasi wa Birney. Lawama waliyowatupia ndiyo ile ambayo mpiga kura wa mageuzi ameisikia kizazi baada ya kizazi: zimwi likujualo halikuli likakwisha, kwa nini basi umelifungulia mlango lile jingine? Kwamba Clay naye alikuwa na watumwa shambani kwake Kentucky, hilo lilionekana jambo dogo.

Kilichofuata hakisimuliwi sana na wenye kulaumu. Miaka kumi haikupita kabla Whig haijasambaratika kwa sababu ya suala lile lile la utumwa. Mwaka 1854 masalia yake, pamoja na Wademokrat waliochukia utumwa na wazee wa vyama vidogo, wakaanzisha Republican. Mwaka 1860 Abraham Lincoln akachaguliwa kwa chini ya asilimia 40 ya kura, wapinzani wake wakiwa wamegawana zilizobaki mafungu matatu. Tangu hapo hakuna chama kipya kilichowahi kukitoa kimoja kati ya viwili vikubwa.

Sababu moja ni ya hesabu. Katiba ya Marekani haitaji chama chochote, lakini kila kiti kina mshindi mmoja, na karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wake wote wa kumchagua rais. Ukiwa wa pili huna kitu. Tazama mwaka 1948. Henry Wallace, aliyekuwa makamu wa Franklin Roosevelt, aligombea akipinga ubaguzi wa rangi. Strom Thurmond wa South Carolina akagombea akiutetea. Kila mmoja alipata asilimia 2.4 hivi ya kura za nchi nzima. Thurmond, ambaye zake zilirundikana katika majimbo machache ya Kusini, alivuna wajumbe 39. Wallace hakupata hata mmoja.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema kwamba vyama viwili ni maumbile ya Marekani. Kuna mikono iliyoandika sheria. Zamani serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapa zake na kuzigawa kwa wafuasi. Chama kidogo kiliweza kumweka mgombea wa chama kikubwa kwenye karatasi yake, kisha kura za pande zote mbili zikajumlishwa. Mpiga kura hakupoteza kura, na bado ujumbe wake ulisomeka. Wakulima wa chama cha People's, waliokutana Omaha mwaka 1892 na kupata kura zaidi ya milioni moja mwaka huo huo, waliitumia sana mbinu hii. Wakati huo majimbo yalikuwa yameanza kuchapisha karatasi ya pamoja, hatua nzuri dhidi ya ununuzi wa kura. Ila sasa bunge la jimbo ndilo likawa linaamua jina la nani litokee na mara ngapi. Moja baada ya jingine yakapiga marufuku mgombea kusimamishwa na vyama viwili. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya nchi ikaibariki marufuku ya namna hiyo ya Minnesota.

Sera za Omaha zenyewe hazikufa. Kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta kwa kura za wananchi viliingia katika Katiba mwaka 1913, chama kilichovidai kikiwa kimeshamezwa na Democratic.

Wakulima wa ngano wa North Dakota walijifunza kutokana na hayo. Mwaka 1915 Arthur Townley, mkulima wa kitani aliyekuwa amefilisika, alianza kuzunguka mashambani kwa gari akiandikisha wanachama wa umoja uitwao Nonpartisan League. Kilio chao kilikuwa wafanyabiashara wa nafaka wa Minneapolis, waliopanga daraja na bei ya ngano ya watu wengine, na mabenki yaliyotoza riba ya kukamua. Hawakuanzisha chama. Mwaka 1916 waliingia kwenye kura za mchujo za Republican, chama kilichotawala jimbo, wakakitwaa, na Lynn Frazier, mkulima asiyewahi kushika madaraka, akawa gavana. Mwaka 1919 jimbo likaanzisha benki yake lenyewe. Frazier aliondolewa kwa kura mwaka 1921, lakini benki ipo Bismarck hadi leo, mali ya jimbo.

Njia hiyo inamfaa anayeruhusiwa kuingia mlangoni. Fannie Lou Hamer, mwanamke Mweusi, alifukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi Mississippi kwa sababu alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Agosti 1964 alifika na wenzake kwenye mkutano mkuu wa Democratic, Atlantic City, kudai viti vilivyokaliwa na ujumbe wa Weupe watupu. Alipokuwa anasimulia alivyopigwa jela, Rais Lyndon Johnson aliitisha wanahabari ghafla ili kamera zimwache. Wakapewa viti viwili vya heshima. Wakavikataa.

Mwaka 2000 mambo ya 1844 yalijirudia Florida: Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alipata kura 97,488, George W. Bush akimzidi Al Gore kwa 537. Nader amebebeshwa lawama hiyo mpaka leo. Kwamba Gore alishindwa hata Tennessee, jimbo alikotokea, hutajwa kwa nadra. Bernie Sanders alikwepa mtego huo kwa kugombea ndani ya Democratic mwaka 2016. Alipata kura milioni 13 hivi za mchujo na akakuta vigogo wa chama, wenye kura zao binafsi mkutanoni, wengi wao wamempa Hillary Clinton. Mapema mwaka 2024, zaidi ya wapiga kura 100,000 wa Michigan walichagua kutomchagua yeyote kwenye mchujo, wengi wakipinga msimamo wa Joe Biden kuhusu Gaza.

New York ni miongoni mwa majimbo machache yaliyobakiza karatasi ya vyama viwili kwa mgombea mmoja. Mwaka 2020 gavana Andrew Cuomo alitia saini sheria iliyopandisha kiwango cha kura ambacho chama kidogo lazima kifikie ili kibaki kwenye karatasi. Working Families, chama cha mrengo wa kushoto kilichokuwa kimemchosha Cuomo, kilikivuka kiwango hicho bila shida. Juni 2025 jiji la New York lilifanya mchujo wa umeya wa Democratic kwa kura za kupanga wagombea kwa kipaumbele, na Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliwaomba wafuasi wake wamweke mpinzani wake Brad Lander nafasi ya pili. Lander naye akafanya hivyo hivyo. Novemba jina la Mamdani lilitokea mara mbili, chini ya Democratic na chini ya Working Families, akashinda umeya. Aliyemfuata ni Cuomo, ambaye baada ya kuangushwa kwenye mchujo alijaribu bahati kama mgombea binafsi.